Mpira Niliomsimulia Mama Kitandani

Wajukuu wangu wakitazama mpira hapa Kiamunyi, nyumba haikaliki. Mmoja anapiga kelele kwamba tumepigwa nokauti, mwingine anasema timu yake imetoka kapa, na yule mdogo, ambaye hata kamba za viatu bado anafungiwa, anamlaumu golikipa kwa bao la kizembe. Mimi hukaa na kikombe changu cha chai nikiwasikiliza. Nokauti najua ilikotoka: ilikuja na wanaume waliojifunza ngumi jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Kapa ni ya wacheza karata. Bao lilitoka mtaa wa Bondeni, kwa wazee waliokuwa wakihamisha kete kwenye vishimo kutwa nzima, na walipokuja uwanjani kuangalia vijana wakipiga mpira hawakuona haja ya kutafuta neno lingine. Mpira haujawahi kuona haya kuomba kwa jirani.

Juzi mmoja wao aliruka kutoka kwenye kiti. "Shosho, cheki vile wamemweka kati! Unajua kati lakini?"

Nilimwambia najua. Sikumwambia kwamba kwenye uwanja wa Loko, Nakuru ya utoto wangu, neno hilo liliingia kwenye mpira kupitia mlango wa nyumba yetu, na aliyelitoa mlangoni alikuwa msichana wa miaka minane, yaani mimi, Nekesa. Hangeniamini. Hata wewe unayesoma una ruhusa ya kutoniamini, ila nitasimulia tu.

Ningeendelea kunyamaza kama si ule mkebe. Tulipomzika Mama, baada ya wageni wengi kuondoka, mimi na mdogo wangu Rael tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya leso zilizonuka dawa ya nondo, kulikuwa na mkebe wa kakao, na ndani yake mawe matano yamefungwa kwenye kitambaa. Manne yalikuwa ya kijivu, la tano jeusi linalong'aa kama kioo. Rael aliyamwaga kwenye kiganja, akauliza, "Na hizi ni za nini?" Mimi nikaketi kwenye kitanda cha marehemu bila hata kuomba radhi.

Tulikaa landi ya reli, mistari ya nyumba za chumba kimoja kimoja zilizotazamana, na bomba la maji katikati. Nyuma ya mstari wetu kulikuwa na ua wa mabati makuukuu, na nyuma ya ua huo uwanja. Loko lilikuwa jina la karakana ya magari ya moshi, tena ndilo lilikuwa jina la timu, na ungemuuliza mtoto wa landi anatoka kabila gani angekujibu Loko kabla hajakumbuka kwamba wazazi wake ni Waluhya. Baba alifanya kazi humo akisafisha matumbo ya injini. Alinuka grisi na moshi hata akioga mara mbili. Siku ya Jumamosi, king'ora kikishalia saa saba, alivua ovaroli na kuwa golikipa, na mimi nilikuwa binti wa golikipa, cheo ambacho sijapata kingine kama hicho tangu wakati huo.

Mama alikuwa mjamzito, na alikuwa amelazwa hapo nyumbani. Wawili kabla ya huyo walikuwa wametoka kabla ya siku zao, wa pili miezi michache tu baada ya mimi kuanza shule. Sasa dresa wa hospitali alikuwa amekuja na baiskeli yake, akampima, akasimama katikati ya chumba na kutoa amri. Mimi nilikuwa nimemshikia kofia.

"Mama, kulala tu. Hakuna kuinua ndoo, hakuna kuinua sufuria. Na nyinyi watu wa hapa, msimletee habari ya kumshtua. Mshtuko moja tu, tumepoteza huyu pia."

Aliagiza miguu ya kitanda upande wa chini iinuliwe, ili Mama alale kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Baba akaleta vipande viwili vya mataruma ya reli, vinanuka lami, akavisukuma chini ya kitanda. Mama alisema akili zote sasa zimemshukia kichwani na kabla mtoto hajazaliwa atakuwa ameshinda stesheni masta kwa busara. Alikuwa mtu wa mzaha hivyo, lakini nilimwona akigeuza uso kuelekea ukutani.

Jirani yetu, Mama Atieno, alichukua nyumba yetu mikononi mwake. Alipika ugali wao na wetu kwenye sufuria moja, na sauti yake ilitosha kufukuza mbuzi kutoka upande wa pili wa reli. Mimi sikuwa na wa kucheza naye. Rafiki yangu Njeri, wa nyumba ya mwisho, alikuwa ameondoka na jamaa yake asubuhi moja kwenye lori la serikali, na godoro lao likabaki nje mpaka likanyeshewa. Nilipouliza wameenda wapi, Mama Atieno aliniambia nichote maji. Nilipomuuliza Baba, alianza kutafuta kiberiti. Njeri alikuwa ameniachia jiwe lake jeusi, lile bora kabisa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kusema, niliamua kwamba habari mbaya ni kitu ambacho mtu mzuri hufunika.

Jiwe hilo lilikuwa la kora. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini vijana huenda wakasoma pia. Unachimba kishimo, unaweka mawe, unarusha moja juu, na kabla halijashuka umechota mengine shimoni na kulidaka lile la hewani kwa mkono ule ule. Likianguka umeungua, mwenzako anachukua zamu. Sisi watoto wa landi tulitumia kokoto za reli. Zilikuwa kali, kwa hiyo tulizisugua kwenye sakafu ya bombani siku nyingi hadi zikawa laini, na mama zetu wakatukemea kwa kuharibu simiti ya Mzungu. Mchezo wenyewe ulikuwa na sheria moja ambayo haikubishaniwa: anayeshinda anakaa na mawe.

Jumamosi ya kwanza baada ya Mama kulazwa, nilirudi kutoka uwanjani akaniuliza mpira umekuwaje. Nilijaribu. Nilimwambia fulani amempa fulani pasi, na kwamba wingi wetu, yule mchezaji wa pembeni, amempita beki wao. Nikaona macho yake yanajifumba. Mama hakuwa amewahi kusimama kando ya uwanja. Alikulia misheni huko Maragoli, na wakati wake wanawake waliusikia mpira kwa mbali tu. Ila kora aliijua. Alisema wasichana wenzake walikuwa wakikataa kucheza naye kwa sababu angewamalizia mawe.

Basi nikamwambia hivi: "Mama, ile mpira ilikuja juu, na watu wanne wako chini, na Baba akaidaka kabla ishuke, na mkono huo huo akamsukuma mtu."

"Yaani ameshika kora," Mama akasema, na macho yakafunguka.

Kutoka siku hiyo sikusimulia mpira tena, nilisimulia michezo yetu. Wingi aliyepenya katikati ya mabeki wawili alikuwa ameingia kamba bila kuigusa, kwa sababu kila msichana anajua unavyosubiri kamba inazunguka, unasubiri, halafu unaingia. Watu watatu wakimpitishia mmoja mpira huku na huku asiupate, walikuwa wamemweka kati, kama tulivyofanya na mpira wa matambara. Aliyepoteza mpira ameungua. Mama alicheka hadi akashika tumbo kwa mikono miwili, nami nikaogopa nikanyamaza, naye akasema endelea, kucheka si mshtuko.

Baba alisikiliza huku akiosha miguu kwenye karai. Siku chache baadaye, nikiwa juu ya pipa langu kando ya ua, nilimsikia kapteni Okumu, mtu mzima na masharubu yake, akimpigia kelele wingi: "Ingia kamba! Ingia kamba, wewe, unangoja nini?" Nilikaribia kuanguka. Baba alikuwa amepeleka maneno yangu kazini pamoja na chakula chake cha mchana. Baada ya mwezi, wanaume wa Loko wenye mikono myeusi kwa grisi walikuwa wakipaza sauti kwamba golikipa ameshika kora, na wazee wa Bondeni wakaitikia kwamba hilo halikuwa bao. Hakuna aliyejua wanasema lugha ya wasichana wa bombani. Nilijua mimi, na nilivimba kichwa.

Sasa niseme kosa langu. Dresa alikuwa ametoa amri nikiwa nimeshika kofia yake, na kwa hesabu yangu ya kitoto, aliyeshika kofia ndiye aliyekabidhiwa kazi. Nilimwona yule mtoto tumboni ni jiwe lililorushwa juu, bado linapanda, na mimi ndiye niliyekuwa chini yake na mkono wazi. Neno baya moja lingenisukuma kiwiko. Kwa hiyo timu yetu ilipofungwa, haikufungwa nyumbani kwetu. Tulipopigwa na vijana wa kiwanda cha unga, manne bila jibu, nilimwambia Mama kwamba raundi haijaisha, wataendelea Jumamosi nyingine.

"Hii mpira yenu ni ndefu kweli," alisema.

"Ni ndefu, Mama."

Nilidhani nimeweza.

Kisha ikaja siku ya kombe. Gilgil walifika na mashabiki wao kwa treni ya asubuhi, wakiimba kutoka stesheni. Ilikuwa kiangazi, na alasiri upepo uliinua vumbi jeupe kutoka ufuoni mwa ziwa ukalitupa juu ya mji mzima, hadi wachezaji wote wakaonekana wamepakwa unga. Mama Atieno alikuwa uwanjani pia. Yeye hakujali desturi za wanawake kutosimama huko. Alisimama nyuma ya goli la Baba na kupiga vigelegele kila Loko walipofunga, na nasema kweli kwamba kigelegele chake kilianza kabla mpira haujafika wavuni. Gilgil walitangulia. Okumu akasawazisha kwa kichwa. Bao moja kwa moja, na nusu ya pili ilikuwa bado mbichi.

Nguzo za magoli yetu zilikuwa vyuma vya reli chakavu vilivyosimikwa ardhini; watu wa Loko wangetumia nini kingine? Mpira ulipigwa chini, pembeni kabisa. Baba akaruka. Aliugusa kwa ncha za vidole, ukatoka nje, na bega lake likakutana na chuma. Nilisikia sauti ile kutoka juu ya pipa. Uwanja wote ulinyamaza. Baba aliinuka akakaa, mkono wake wa kushoto ukining'inia mahali ambapo mkono hauning'inii, na uso wake ukiwa na rangi ya jivu chini ya vumbi.

Wakamlaza kwenye toroli ya reli ili wamsukume hadi karibu na hospitali. Okumu alivaa jezi ya golikipa, maana siku hizo mtu akitoka hakukuwa na wa kuingia. Toroli ilipopita mbele yangu Baba aliniona. "Mwambie mama yako," akaanza, halafu gurudumu likaruka kwenye maungio ya reli, akafumba macho, na hakumaliza.

Mama Atieno alinishika mabega. "Nyathina, mtoto wangu, nisikize. Usimwambie. Ukimwambia, mtoto atatoka. Sema baba ameitwa kazi. Sema mumeshinda. Sisi tutamwambia pole pole, kesho kutwa. Kimbia."

Nilikimbia. Nilipitia bombani nikanawa machozi na vumbi, nikaingia nyumbani natembea kama mtu anayetoka dukani. Mama alikuwa amelala vile vile, kichwa chini, miguu juu, mikono juu ya tumbo. Aliniangalia. Kisha akaangalia dirisha.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Haya. Niambie."

Nikaketi kwenye kigoda na mawe yangu matano mapajani, nikaanza. Sijawahi kusimulia vile tena maishani. Niliwaingiza watu kamba, nikawaweka kati watu wa Gilgil mmoja mmoja hadi wakaomba maji. Baba alidaka kila kitu. Alishika kora nne, alishika tano, alishika sita.

"Kora iko na sita?" Mama akauliza.

"Leo waliongeza moja. Ni kombe."

"Ah. Ni kombe."

Nikamalizia kwamba tumeshinda tatu kwa moja, kwamba watu walimbeba Baba juu, na kwamba foromani amekuja kumwita palepale, kuna injini imeharibika huko Sachangwan, atachelewa kidogo. Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimemaliza na jiwe lilikuwa bado hewani.

Ndipo kelele zikaja kutoka uwanjani. Kelele kubwa, za umati, zikapita juu ya ua wa mabati na kuingia dirishani kwetu na kukaa pale katikati ya chumba.

Mama alingoja zitulie. "Na hao wanashangilia nini, kama mpira imeisha?"

Nilitazama mawe. Katika werevu wangu wote sikuwa nimefikiria kwamba mpira niliouacha uwanjani ungeendelea bila mimi, na kwamba kutoka kitandani hadi pale palikuwa na hatua mia tatu tu.

"Baba yako ako hai?"

"Ako."

"Ameumia wapi?"

"Bega."

"Gani?"

"Ya kushoto." Nikaanza kulia. "Mama, usishtuke. Tafadhali usishtuke."

Alinyosha mkono, akanivuta hadi kichwa changu kikawa karibu na chake, kule chini kulikokuwa na harufu ya lami ya mataruma. Moyo wake nilikuwa nikiusikia. Ulikuwa ukienda mbio, halafu, taratibu, ukaanza kutembea.

"Nilishtuka saa ile watu walinyamaza," alisema. "Uwanja mzima kimya. Nikahesabu mpaka sitini na hawajaongea. Halafu wewe ukaingia, na wewe hujawahi kuacha mpira katikati, hata ile siku ya mvua ya mawe. Nikajua ni yeye. Nimekuwa nikingoja tu uniambie kama nimebaki na bwana."

"Mbona uliniacha niseme yote hiyo?"

"Nilitaka uniambie wewe mwenyewe. Na nikaona unaogopa kuliko mimi."

Hapo ndipo nilipoona aibu ambayo bado naiona leo nikiandika. Nilidhani nimemfunika Mama blanketi, kumbe nilikuwa nimemfungia nje kwenye baridi. Dakika zote zile za kamba na kora sita, mwanamke yule alikuwa amelala hawezi kuinuka, hajui kama ni mjane, na ananiitikia ah, ni kombe.

"Na zile zingine?" nikauliza. "Kiwanda cha unga?"

"Nne," Mama akasema. "Nilizisikia zote. Mimi najua mpira yenu yote, mwanangu. Nasikiza kutoka hapa. Kelele ya kwetu inaanza na Mama Atieno, halafu ndio wanaume wanafuata. Kama hakuna Mama Atieno, hiyo si yetu."

Nikafikiria. "Saa hii hakuwa."

"Hakuwa. Basi tumefungwa ya pili. Nyamaza sasa, tusikize."

Tukasikiliza. Nililala kando yake, damu ikinijaa kichwani, na kwa mara ya kwanza niliusikia mpira jinsi yeye alivyousikia: mluzi mwembamba wa refa, sauti ya Okumu akimwita mtu, upepo ukipiga mabati, kimya, mguno wa watu waliokosa kidogo tu. Kila mguno Mama aliubana mkono wangu. Tulingoja kigelegele. Nilikitaka kigelegele kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kisha mluzi ukapigwa mara tatu, na wimbo wa Gilgil ukaanza kusonga taratibu kuelekea stesheni.

Nikamwambia Mama, wazi, jinsi ilivyokuwa. "Tumefungwa."

"Tumefungwa," akakubali. Hakuna kilichoanguka. Kitanda kilikuwa juu ya mataruma yake, tumbo lilikuwa mahali pake, na Mama alikuwa akinipangusa kamasi kwa ncha ya leso. Nilivyokuwa mwepesi wakati ule ningeweza kuelea.

Na kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, nikauliza lile lingine. "Njeri walipelekwa wapi?"

Mama alinigeukia. "Serikali iliwachukua kwa sababu ni Wakikuyu. Walipelekwa mbali, sijui wapi. Hawajafanya makosa yoyote. Sijui kama watarudi." Halafu akasema, "Tungekuambia. Tulikosea." Nililia tena, lakini kilio hicho kilikuwa na mahali pa kwenda. Ni hapo, mkono wangu ukiwa juu ya leso, tumboni mwake, ambapo kitu kilinipiga kiganjani kutoka ndani. Kilipiga mara mbili. Mama akanitazama kwa macho makubwa.

"Umesikia huyo?" akasema. "Huyo ni golikipa ama ni wingi?"

Mama Atieno aliingia akiwa ameupanga uso wake tayari. "Mama Nekesa! Tumeshinda! Bwana yako ameitwa kazi, kuna injini..."

"Mama Atieno," Mama akasema kutoka kule chini, "hiyo bega wamerudisha?"

Mama Atieno alisimama mdomo wazi. Akaniangalia, nikaangalia dari. Kisha akaketi sakafuni kwa kishindo, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwani, na mabega yakatikisika hatukujua ni kicheko au kilio. "Yawa! Wamerudisha," alisema. "Hao wa toroli wamesema amelia kama mtoto, lakini imerudi. Anakuja." Kweli, kabla jua halijazama Baba alikuja kwa miguu yake, mkono umefungwa kifuani kwa bandeji, akichungulia mlangoni kama mwizi kwa sababu hakujua tumeambiwa nini.

Alikaa nyumbani wiki nyingi, kwenye mkeka kando ya kitanda, wagonjwa wawili na mwandishi wao wa habari. Niliwasimulia kila Jumamosi, na sasa nilisimulia vyote, hata siku Okumu alipodaka kama mtu anayefukuza kuku na tukafungwa tano. Baba aliguna kwa uchungu. Mama alicheka. Mvua ndefu zikaja, zikaenda, na Rael akazaliwa mahindi ya landi yakianza kukomaa, mzima, mwenye sauti ambayo Mama Atieno mwenyewe aliisifu.

Siku Mama aliporuhusiwa kuinuka, Baba alitoa mataruma chini ya kitanda, na kitanda kikashuka kwa kishindo ambacho kiliniogofya. Mama alitembea hadi kizingitini akiwa ameshika ukuta. Akaketi, akanyosha miguu juani, akaniambia, "Lete mawe." Alichimba kishimo kwa kidole chake mwenyewe. Alinipiga raundi ya kwanza, ya pili, na ya tatu, mkono wake ukienda kama wa msichana, na sikumwachilia hata moja, alinishinda kihalali. Kisha akayakusanya yote matano, la Njeri likiwa juu, akayafunga kwenye ncha ya leso. Sheria ni sheria. Sikuwahi kuyadai, na Njeri hakurudi kulidai lake, na miaka ikapita, nikadhani yalishatupwa zamani.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Rael, kwenye kitanda cha Mama, mkebe ukiwa kati yetu. Alikuwa hajawahi kusikia hata neno moja. Mzazi akishalea mtoto salama, nani atakumbuka kumweleza alivyokuwa karibu na kuanguka? Aligeuza lile jiwe jeusi mikononi, mwanamke wa miaka sabini, mwenye wajukuu na kisukari. Kisha akasukuma mkeka kando kwa mguu.

"Shuka chini," aliniambia. "Nifundishe."

Magoti yetu yalilalamika njia nzima. Kwa kuwa sakafu ilikuwa ya simiti, tulitumia sahani badala ya kishimo. Mara ya kwanza aliungua. Mara ya pili jiwe lilimgonga puani, tukacheka hadi mtu akachungulia mlangoni kuuliza kama tunalia. Mara ya tatu Rael aliuma mdomo, akalirusha lile jeusi juu kabisa, karibu na taa, akachota moja kutoka kwenye sahani, na jiwe likashuka, na kiganja chake kilikuwa pale.

Nikapiga kigelegele, kile cha Mama Atieno, kwa nguvu zote zilizobaki kifuani mwangu, ili mtu yeyote aliyelala mahali akisikiliza ajue hilo ni la kwetu.